GAUNI LA SINDERELA NA DAFTARI LA CHAMA

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, mjini Iringa)



Barua ya Chama Kikuu iliyonialika hapa ilitaja "utunzaji wa mali na kumbukumbu za chama". Najua jinsi maneno hayo yanavyopokewa. Mkaguzi akisimama kusema juu ya daftari, nusu ya wasikilizaji hutazama saa, na nusu ya pili hutazama mlango. Kwa hiyo nimeleta kitu cha kutazama.

Gauni hili mlionalo limetundikwa ukutani, lenye rangi ya buluu iliyopauka, nimelipakia katika basi kutoka Mbeya. Lilishonwa na chama kidogo cha akina mama mafundi walioko kando ya soko la Mwanjelwa. Hakuna ndani yake hata mita moja ya kitambaa iliyonunuliwa dukani. Lote ni mtumba: mapazia mawili, gauni moja la arusi, shuka moja, na mikanda ya kufungia robota. Chama kimeniruhusu kulileta na kusimulia mambo yake yote, ya sifa na ya aibu, kwa sharti kwamba nisikitaje jina, nami sitakitaja.

Wapo kati yenu wakulima wa pareto, wa mpunga, wa chai na wa tumbaku, ambao watauliza gauni linawahusu nini. Nawaomba subira. Hali kadhalika nawaomba radhi mafundi waliomo humu iwapo nitaeleza ushonaji kwa urefu. Mama yangu alinilea chini ya meza ya cherehani. Kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kuokota pini kwa sumaku. Mtu wa namna hiyo hawezi kupita mbele ya gauni bila kuligeuza ndani nje.

Chanzo chake ni hiki. Shule moja ya sekondari ilitaka wanafunzi waigize mchezo siku ya mahafali ya kidato cha nne, na mwalimu akachagua hadithi ya Sinderela. Hadithi hiyo iliandikwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697. Wengi wameijua kwa filamu ya Walt Disney ya mwaka 1950, na vijana wetu wengine wamelijua jina tu, kwa wimbo wa Alikiba wa mwaka 2007. Ni habari ya binti yatima anayelala jikoni penye majivu, ambaye usiku mmoja anapata gauni la ajabu, anakwenda kucheza katika jumba la mfalme, na saa sita ya usiku gauni linarudi kuwa matambara.

Sisi nasi tunayo ya jamii hiyo. Katika kitabu cha hadithi za Waswahili alichokitoa Askofu Edward Steere mwaka 1870 imo ile ya Sultani Darai, ya paa anayemtengenezea maskini ndoa na binti Sultani. Paa yule anajua vema kwamba bwana wake hawezi kufika mbele ya Sultani akiwa uchi; basi anasema amenyang'anywa na wezi njiani, na Sultani mwenyewe anatoa nguo. Nimezitazama hadithi hizo mbili kwa jicho la mkaguzi, nikaona jambo moja. Katika zote mbili nguo ndiyo inayofungua mlango wa jumba, na katika zote mbili hakuna fundi. Gauni linatokea tu. Hakuna aliyelipima, hakuna aliyetoboa kidole, na wala hakuna aliyelipwa. Lishikeni hilo, maana tutalirudia.

Mwalimu alileta picha ya gauni la mtindo wa kale wa Ulaya: kifua kilichobana, kiuno chembamba, mikono iliyofura begani, na sketi pana inayofagia sakafu. Alikwisha kwenda kwa fundi mmoja wa mjini akatajiwa bei iliyomkimbiza. Akina mama wakamwambia awaachie juma moja, wakaingia sokoni.

Neno mtumba ni la zamani. Katika siku za misafara ya kwenda bara lilikuwa furushi la bidhaa alilobeba mpagazi, na aghalabu ndani yake mlikuwa marikani. Nguo kuukuu za kutoka ng'ambo zilipoanza kuvaliwa kwetu, wazee wakaziita "kafa Ulaya", wakiamini kuwa ni za marehemu. Kulikuwa na miaka ambayo Serikali ilizuia zisiingie, ili viwanda vyetu, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vipate soko. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984 zikaja tena kwa wingi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuzipunguza hadi zikome. Marekani ikatishia kuwaondolea unafuu wa ushuru, na kufika mwaka 2018 Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo. Mimi sina neno la kusema juu ya siasa hiyo, isipokuwa kwamba chama kinachotegemea mtumba kwa kila kitu kinategemea mlango ambao ufunguo wake hakinao.

Turudi Mwanjelwa. Robota hufunguliwa asubuhi, na anayefika kwanza hulipa zaidi kwa sababu anachagua. Lakini uchaguzi huo ni wa watu wa kuvaa. Fundi hatafuti nguo, bali anatafuta kitambaa, na kitambaa kizuri mara nyingi kimo ndani ya nguo ambayo hakuna anayeitaka. Mbeya yetu mnaijua mwezi wa Juni na Julai. Kila mtu anagombea sweta, koti na blanketi. Ni nani atakayenunua gauni la arusi la Mzungu mnene, lenye doa la mvinyo kifuani na mkia wa mita mbili? Lilikuwa chini ya meza, limekanyagwa. Akina mama walilipata kwa shilingi 7,000, na ndani yake mlikuwa na satini nyeupe, lesi ya mikononi, zipu ndefu, na tabaka tatu za neti ngumu.

Mapazia yalikuwa ya satini nzito ya buluu, kila moja upana wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 220. Hapa nataka kueleza namna walivyoyapima, maana pesa nyingi za mtumba hupotea kwa haraka ya macho. Kwanza waliyainua kuelekea jua. Pazia huliwa na mwanga upande wa dirishani, na pale lilipoliwa huonekana kama ungo. Pili walishika kitambaa kwa vidole gumba viwili wakakivuta kwa nguvu, kwa urefu na kwa upana. Kitambaa kilichokufa hulia, kisha huachia. Tatu walichomoa uzi mmoja pindoni wakauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Wa polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hilo si la mchezo. Asiyejua anapiga pasi ya mkaa iliyopamba moto juu ya polista, na kazi ya siku tatu inaganda kwenye chuma. Mwisho walilowesha kona moja wakaisugua kwa kitambaa cheupe, waone kama rangi inatoka.

Nyumbani kila kitu kililoweshwa usiku kucha katika maji ya sabuni, shuka ya pamba ikachemshwa, na vyote vikaanikwa kivulini. Doa la mvinyo halikutoka, na hakuna aliyesumbuka nalo, kwa sababu pale palikuwa pa kukatwa. Kisha wakafumua. Nasema wakafumua, sikusema wakachana. Chama kile kina desturi ya kufumua mshono kwa wembe na subira, uzi kwa uzi, na kuhifadhi zipu, vikulabu, lesi na hata vipande vidogo katika makopo yenye vibandiko. Mtu anayechana nguo kwa mikono anapata matambara. Anayefumua anapata kitambaa, na zaidi ya hayo anasoma jinsi fundi wa ng'ambo alivyokata. Kifua cha gauni hili kimenakiliwa kutoka katika vipande vya lile gauni la arusi, vilivyotandazwa juu ya gazeti na kupunguzwa kwa kiasi cha binti wa miaka 17.

Sasa sketi. Kiuno cha binti kilikuwa sentimita 68. Waligawa kwa vipande 8, kila kipande kikaanza na sentimita 8 na nusu juu. Wakaongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, ikawa 11 na nusu. Chini kila kipande kilipanuka hadi sentimita 45, pamoja na mshono 48. Urefu sentimita 105, na 5 za pindo. Mzunguko wa chini ukatoka mita 3 na sentimita 60, upana wa kutosha hata malkia.

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipoingia. Mkataji wao, mama mmoja hodari sana, aliona kwamba akivipanga vipande kichwa-kwa-mguu, kimoja kikitazama juu na cha pili kikitazama chini, vinne vitaingia katika upana mmoja wa sentimita 140, na pazia moja tu litatosha sketi nzima. Ni hesabu sahihi kabisa, nami nimeipiga mwenyewe nikaiona ni sahihi. Lakini satini ina uelekeo, kama manyoya ya paka. Ukiitazama kutoka juu inang'aa, ukiigeuza inafifia. Mezani mchana haikuonekana. Walipoishona na kuitundika chini ya taa, sketi ikawa na milia, kipande cheupe, kipande cheusi, kama punda milia wa Ruaha. Ikabidi kufumua yote, na pazia la pili likakatwa vipande vyote vikitazama upande mmoja, ambavyo ni viwili tu katika kila upana, kwa hiyo vinne katika pazia zima. Vinne vingine vikachaguliwa katika vile vya kwanza, vile vilivyoelekea sawa. Waliobahatika ni wale waliokuwa wamenunua mapazia mawili bila kujua sababu. Vipande vinne vilivyobaki ndivyo vilivyofanywa mikono iliyofura na mkanda.

Chini ya sketi pana hapana budi liwepo gagulo, la sivyo sketi hulala miguuni kama bendera isiyo na upepo. Juu walitia kipande cha shuka iliyochemshwa, maana hapo hugusa mwili, mzunguko wa mita moja. Kisha tabaka ya neti ya mita moja na sentimita 90 iliyovutwa kwa uzi hadi ikaingia katika ile mita moja, na chini yake tabaka ya mita 3 na nusu iliyovutwa vivyo hivyo. Neti ilitoka katika gauni la arusi. Nasema hili kwa msisitizo, kwa sababu nimeona mahali pengine magagulo yaliyoshonwa kwa vyandarua vyenye dawa tulivyopewa kwa ajili ya malaria. Dawa ile haikutiwa kwa ajili ya mapaja ya wanafunzi, na chandarua kilichokatwa kimemwacha mtoto mmoja na mbu.

Kabla ya hapo walijaribu kutanua sketi kwa pete za mianzi, mianzi hii hii ya huku kwetu Iringa tunayogemea ulanzi, iliyopasuliwa nyembamba. Sketi ilisimama kama kengele, ikapendeza mno. Tatizo ni kwamba binti hakuweza kuketi, na alipopanda ngazi ya jukwaa pete ya mbele iliinuka ikamfunika uso. Mianzi ikarudishwa shambani.

Lakini wazo lile lilizaa lingine bora zaidi. Kifua cha mtindo wa kale hakikai sawa bila mbavu za kukishikilia, na zamani Wazungu walitumia mfupa wa nyangumi. Mama mmoja akaitazama mikanda migumu ya plastiki inayofungia robota, ambayo sokoni hutupwa ovyo na kuziba mifereji. Wakaikata vipande 8 kwa urefu wa kifua, wakaviringisha ncha zake kwa mkasi na kuzipitisha juu ya mshumaa ili zisichome, kisha wakavitia katika mifereji ya shuka iliyoshonwa juu ya bitana. Gusa hapa, Ndugu Mwenyekiti, uone. Imefuliwa mara kadhaa na haijapinda.

Mgongoni hawakutia zipu, ingawa walikuwa nayo. Walishona vitanzi kwa kitambaa kilichokatwa mshazari, kumi kila upande, na kamba ya kupitisha kama ya kiatu, na nyuma ya kamba ulimi wa satini. Mwenye kiuno cha sentimita 68 hulifunga likakutana. Mwenye 76 huliachia, ule ulimi ukajaza nafasi. Kwa jambo hilo moja gauni liliacha kuwa la binti mmoja likawa la binti yeyote. Sidhani kwamba siku ile walijua wamefanya uamuzi wa biashara.

Kabla ya kushona kwa cherehani kila mshono ulipigwa bandi na binti akavalishwa. Sitasema zaidi juu ya hilo. Kila fundi analijua, na kila fundi aliyechoka huliruka na kujuta. Juu ya gauni walishona vazi la matambara la khaki kuukuu lenye viraka, lililofungwa mgongoni kwa vibanio, ili wasichana wawili waliojificha nyuma ya jiko walivute mara moja na gauni litokee. Huo ndio muujiza wenyewe. Mwalimu alitaka pia mishumaa jukwaani. Mwenyekiti wao alikataa katakata, akamchomea kipande cha neti mbele ya macho yake nje ya mlango. Kiliisha kabla hajamaliza sentensi. Mchezo ukachezwa kwa taa za umeme.

Nilisikia kwamba wazazi walisimama kupiga makofi. Mimi sikuwapo.

Ndugu Makatibu, sasa fungueni daftari zenu. Mkuu wa shule alikuwa hana fungu la mavazi, kwa hiyo walipatana kwamba shule italipa shilingi 40,000, na baada ya mahafali gauni litabaki kwa chama. Mapatano yalikuwa ya mdomo. Mapazia yaligharimu 10,000, gauni la arusi 7,000, shuka 3,000, uzi na vikorokoro 3,000. Jumla 23,000. Ikabaki 17,000, mafundi wanne wakagawana, wakafurahi.

Nilipokutana nao baadaye niliwaomba wakumbuke saa walizofanya kazi, siku kwa siku, kuanzia sokoni hadi pindo. Tulifika saa 41, pamoja na zile za kufumua milia. Gawanyeni 17,000 kwa 41. Ni shilingi 414 kwa saa. Kwa fedha hiyo fundi hapati chai na chapati hapo Mwanjelwa. Na bado hatujatoa sabuni, mkaa wa pasi, wala uchakavu wa vyerehani. Mtumba ni rahisi, na urahisi wake ndio unaotudanganya, kwa sababu tunapanga bei kwa kutazama kitambaa. Kitambaa kilikuwa 23,000. Gauni lilikuwa ni zile saa 41, na hakuna mahali popote zilipoandikwa. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile hadithi isiyo na fundi.

Baada ya mahafali habari zilienea. Shule nyingine ikaliazima, kisha mpiga picha, kisha watu wa sherehe za kumwaga mwari. Chama kikaweka kodi ya shilingi 15,000 kwa kila safari, na katika mwaka mmoja likatoka mara 9. Hizo ni shilingi 135,000. Ndipo yule mama aliyelinunua lile gauni la arusi aliposema kwamba gauni ni lake.

Msimcheke. Siku ya kununua, mtunza fedha alikuwa amekwenda Tukuyu msibani na kisanduku kilifungwa. Mama huyu alitoa 7,000 zake mwenyewe, ili mali isipite. Hakuandikiwa stakabadhi, na katika furaha ya mahafali hakuna aliyekumbuka kumrudishia. Kwa mwaka mzima aliona gauni likitoka na kurudi, na fedha zikiingia kisandukuni, naye akijua kwamba kifua chake, lesi yake na gagulo lake vimetoka mfukoni mwake. Wenzake walisema: bila mikono yetu lingekuwa bado chini ya meza sokoni. Mkataji akasema bila mkasi wake hakuna gauni. Kila mmoja alikuwa na haki kiasi fulani, na hiyo ndiyo aina mbaya kuliko zote ya ugomvi. Jumamosi moja usiku mama yule akaja na ufunguo wake, akalichukua gauni akaenda nalo kwake. Jumapili palikuwa na mteja aliyekwisha lipa.

Waliniita. Nikaomba daftari la mali. Limeorodheshwa vizuri: vyerehani vinne, pasi mbili, meza ya kukatia, mikasi sita. Gauni hamna. Nikatazama chini ya ukurasa nione ni nani aliyekagua mwisho. Ilikuwa mwezi wa Machi, miezi sita baada ya gauni kushonwa, na sahihi ilikuwa yangu.

Nakumbuka siku ile. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani mbele yangu, kama lilivyotundikwa sasa, nami nililisifu. Nilihesabu vyerehani kwa sababu vilikuwa daftarini. Sikuuliza juu ya kitu ambacho hakikuwa daftarini, ingawa kilikuwa kikubwa kuliko vyote chumbani. Nimekwisha andika hivyo katika taarifa yangu, na nawaambia ninyi pia, msije mkadhani mkaguzi huona yote.

Tulikaa siku mbili. Mkutano wa wanachama uliamua kwamba zile 7,000 zilikuwa mkopo wa mwanachama kwa chama, na akarudishiwa. Katika kodi zilizopatikana walitoa kwanza gharama za kufua na kutengeneza, na sehemu ya akiba ya chama, kisha kilichobaki kikagawanywa kwa saa za kazi tulizozikumbuka, naye zake zikiwamo. Mama yule alilirudisha gauni mwenyewe, limekunjwa vizuri, limetiwa majani ya mkaratusi kuzuia nondo. Mkataji hakurudi. Alisema kazi yake imebishaniwa mbele ya watu, na leo anashona peke yake barabarani kuelekea Uyole. Nimempitia mara mbili. Ananikaribisha kiti, ananiuliza habari za watoto, na juu ya chama hasemi neno.

Ninyi wa mpunga na wa pareto, nadhani sasa mmekwisha kuiona njia. Mwanachama aliyetoa gunia lake kuziba pengo siku ya kupakia, aliyelipa dereva kwa fedha zake, aliyeazima chama turubai lake, hao wote wako katika vyama vyenu, nami nitakapokuja mwezi ujao nitauliza majina yao kabla sijahesabu mizani.

Chama kile sasa kinatumia ukurasa mmoja kwa kila kazi. Juu huandikwa kilichonunuliwa, na ni nani aliyetoa fedha, awe chama au mwanachama, na tarehe ya kurudishiwa. Katikati ni jina la kila fundi na saa zake, zinazoandikwa jioni ya siku hiyo hiyo, si mwisho wa juma, kwa maana kumbukumbu ya mwisho wa juma huongezeka. Chini ni mapatano na mteja, na sahihi yake. Kazi ikibaki kuwa ya chama, inahamia daftari la mali siku ile ile. Gauni hili sasa ni namba 14. Kodi yake wameipandisha hadi 25,000, na wateja walilalamika, kisha wakalipa.

Karatasi za kukatia, zile za gazeti, nimeziacha kwa katibu mwenyeji hapa ukumbini pamoja na mfano wa ukurasa huo. Mwenye kutaka kunakili aje na magazeti yake makuukuu na chaki. Vipande vya sketi vina mshale unaoonyesha upande wa juu. Msiuache mshale huo. Na yeyote atakayelishusha gauni kulitazama ndani, nawaomba anawe mikono kwanza, kwa sababu Jumamosi lina safari ya Mafinga, na limekwisha andikwa.